Mekapu Imeharibika Saa Ngapi? Dalili, Chanzo na Tiba

Mekapu ikigoma, wengi hukimbilia kuuliza wanunue nini. Swali lenye faida zaidi ni hili: imeanza kuharibika lini? Fandesheni inayojisokota chini ya vidole wakati bado unaipaka ina maradhi tofauti kabisa na ile inayokaa vizuri asubuhi halafu adhuhuri inaanza kukatika puani. Ya kwanza haijaelewana na kilichotangulia chini yake. Ya pili imezidiwa na mafuta ya ngozi. Ukichanganya tiba, kwa mfano ukaimwagia poda fandesheni inayojisokota, utavuna visokoto vikubwa zaidi.

Kwa hiyo hapa tutafuata saa. Angalia tatizo lako hujitokeza muda gani, nenda sehemu hiyo, soma chanzo kabla hujashika pochi. Utaona pia jambo moja likijirudia: lawama humwangukia aliyepakwa mwisho, ilhali mara nyingi mkosaji yuko tabaka la chini yake.

Namna ya kupima

Usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Ukibadilisha praima (krimu ya kuandaa ngozi kabla ya fandesheni), fandesheni na poda siku moja na uso ukatulia, hutajua kilichokusaidia ni kipi. Ukiharibika zaidi, hutajua umlaumu nani. Tumia nusu uso. Upande wa kulia paka kama ulivyozoea, upande wa kushoto badilisha kitu kimoja tu. Fanya hivyo siku ambayo huna pa kwenda, ukae nayo mpaka jioni. Jitazame karibu na dirisha kwa mwanga wa mchana, maana taa ya njano huficha ukijivu, na taa nyeupe kali huuzusha hata pasipokuwa nao. Kioo kinachokuza kitunze kwa ajili ya nyusi na wanja. Kwenye fandesheni kitakutia wazimu bure, kwani hakuna anayekutazama kutoka umbali huo labda mtoto mchanga.

Hapo hapo, mkono ukiwa bado usoni

*Fandesheni inajisokota.* Unapaka, na badala ya kutandaa inatoa vijipande vidogo kama mabaki ya ufutio kwenye daftari. Sababu kubwa ni haraka na wingi: losheni nzito, juu yake kinga ya jua, juu yake praima, zote ndani ya dakika mbili. Seramu na losheni nyingi zina viambato vya kuzipa uzito, kama carbomer na gamu ya xanthan, ambavyo vikikauka huacha utando mwembamba. Utando huo ukisuguliwa kabla haujashika, unanyanyuka na kuviringika pamoja na kila kilicho juu yake.

Anza na tiba isiyo na gharama. Punguza seramu na losheni (kinga ya jua usiipunguze), subiri dakika chache kila tabaka likauke, kisha fandesheni uigongegonge kwa sponji yenye unyevu au kwa ncha za vidole. Usiburute. Visokoto vikiisha, kazi imekwisha.

Visipoisha, huenda vitu viwili havipatani. Weka tone la kinga ya jua na tone la fandesheni nyuma ya kiganja, uvichanganye kwa kidole. Vikilainika na kuwa kitu kimoja, vitaelewana usoni. Vikiganda, vikitengana au vikitoa chembe, umempata mchawi wako. Rudia hivyo kwa losheni na kinga ya jua, kwa kinga ya jua na praima, mpaka ujue ni jozi ipi inayogombana.

Utasikia kanuni kwamba vipodozi vya maji viende na vya maji, vya silikoni na vya silikoni. Ina ukweli, lakini kuitumia kwa kusoma lebo peke yake kunapotosha. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kwa kichache, ingawa vile visivyofika asilimia 1 huruhusiwa kupangwa kwa mpangilio wowote. Neno Aqua, yaani maji, hukaa la kwanza kwenye fandesheni tele ambazo kwa hakika zimejengwa juu ya silikoni, kwa hiyo kuliona pale juu hakukwambii mengi. Tazama majina matano au sita yanayofuata: yakiwemo yanayoishia na -cone au -siloxane, kama dimethicone na cyclopentasiloxane, hiyo ni ya silikoni. Hata hivyo mimi huamini zaidi kiganja kuliko lebo, kwa sababu zipo kinga za jua za maji zinazokaa kwa amani chini ya fandesheni ya silikoni, na zipo za silikoni zinazogombana na dada yake.

*Inashika mabaka makavu.* Puani, kati ya nyusi, pembeni mwa mdomo, fandesheni inang'ang'ania vigamba ambavyo hukuwa umeviona. Hapa kuna njia panda. Je, losheni yako ya kawaida inakuwasha au kukuchoma ukiipaka? Kama ndiyo, ngozi imejeruhiwa, mara nyingi kwa asidi za kusafishia uso, retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka), au kusuguliwa kupita kiasi. Acha hivyo vyote kwa muda, baki na sabuni laini na losheni isiyo na manukato mpaka mchomo uishe. Kuendelea kusugua ili vigamba vitoke ni kumwagia moto petroli. Kama haichomi, ni ukavu wa kawaida tu: paka losheni mapema, acha izame wakati unavaa au unachana nywele, kisha paka fandesheni kidogo kwa sponji yenye unyevu na sehemu hizo zisionje poda.

Ukiwa tayari umepaka na muda umekwisha, chukua losheni kiasi cha punje ya mchele, ipashe moto kati ya vidole viwili, bonyeza juu ya baka. Litalala. Halitakaa siku nzima, lakini litakutoa nyumbani.

*Fandesheni inaonekana kwenye vinyweleo vya mashavu.* Malizia kwa kupitisha sponji kuelekea chini, upande vinakolalia. Basi.

*Maskara inafanya mabonge.* Futa brashi yake kwenye mdomo wa chupa, anzia shinani, itikise kidogo kushoto na kulia halafu vuta kwenda juu, na chana kope kabla hazijakauka. Tabaka la pili lipake la kwanza likiwa bado na unyevu kidogo. Juu ya lililokauka kabisa litaganda. Kama chupa ni mpya na bado inaleta mabonge, punguza. Kama ni ya zamani, imekauka, na kuisukumasukuma brashi ndani ya chupa kunaingiza hewa na kuikausha zaidi. Usiongeze maji wala mate. Tutaona chini kwa nini.

*Nyusi zimekuwa kali kama zimechorwa kwa mkaa.* Umeanzia mbele. Anzia katikati kwenda mkiani, na mbele fikisha mabaki tu yaliyobaki kwenye brashi.

Dakika kumi baadaye: rangi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dukani fandesheni hutazamwa kwa sekunde chache kisha ikanunuliwa. Rangi ya kweli huja baadaye.

*Uso umekuwa wa kijivu.* Ngozi nyeusi na ya kahawia ndizo hukutana na hili zaidi. Vyanzo viko vinne, na namna ya kuvitenganisha ni kuosha uso na kuanza upya tabaka kwa tabaka, ukijitazama dirishani baada ya kila moja.

Ukijivu ukiingia kwenye kinga ya jua, chanzo ni unga mweupe wa oksidi ya zinki au titanium dioxide. Fandesheni yoyote utakayoweka juu itapambana na weupe huo na kushindwa. Badili utumie kinga ya jua isiyo na unga huo, au ile iliyotiwa rangi ya ngozi.

Ukiingia kwenye fandesheni, toni haikufai. Watu hutazama kiwango cha weusi wa ngozi wakasahau kilicho chini yake: wengine wana wekundu, wengine unjano wa dhahabu, wengine uzeituni, wengine katikati. Fandesheni yenye wekundu juu ya ngozi ya dhahabu huonekana imevimba na kuchubuka. Isiyo na joto la kutosha, yaani wekundu au unjano, juu ya ngozi hiyo hiyo huleta majivu. Lile jaribio la kutazama mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au bluu, kwa ngozi nyeusi halina msaada mkubwa, maana mishipa yenyewe haionekani vizuri. Njia inayofanya kazi ni kuchora mistari mitatu ya rangi tofauti kuanzia taya kushuka shingoni, usubiri robo saa, uone ni upi umepotea.

Kwa muda mrefu rangi zenyewe hazikuwepo. Ndiyo iliyomfanya Eunice Johnson aanzishe vipodozi vya Fashion Fair kule Marekani mwaka 1973, na Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia, aanzishe vipodozi vyake mwaka 1994. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 za fandesheni kwa mara moja, makampuni mengine yalilazimika kupanua orodha zao. Kwa hiyo kama ulijaribu fandesheni zamani ukakata tamaa, jaribu tena. Na ukikosa iliyo sawasawa, changanya mbili za aina moja kutoka kampuni moja, yenye joto na isiyo na joto.

Ukijivu ukiingia chini ya macho tu, chanzo ni konsila, krimu ya kuficha weusi na madoa. Duara jeusi huwa na ubluu au ukahawia ndani yake, na rangi nyepesi juu ya ubluu hutoa kijivu bila kukosa. Kabla ya konsila weka rangi ya kusawazisha: nyekundu au ya chungwa kwa ngozi nyeusi, ya chungwa iliyopoa kwa ngozi ya kahawia, ya pinki iliyoiva kwa ngozi nyeupe. Bluu na chungwa hutazamana kwenye gurudumu la rangi, ndiyo maana moja huua nyingine. Iwe kidogo sana, palipo na weusi tu, na juu yake konsila ya rangi ya ngozi yako. Mtindo wa kuweka konsila iliyo nyeupe kuliko uso kwa hatua tatu unapendeza chini ya taa za studio. Mchana kweupe unampa mtu macho ya bundi.

Ukijivu ukiingia mwisho kabisa, ni poda. Poda inayodaiwa kuwa haina rangi bado ni unga mweupe. Tumia yenye rangi ya ngozi yako, au paka palipo na mafuta tu.

*Fandesheni imekuwa nyeusi au ya chungwa.* Ilifanana na ngozi ulipoipaka, sasa uso umepishana na shingo. Sehemu ya kimiminika kwenye fandesheni huvukiza na kuacha rangi ikiwa imekolea, kisha mafuta ya ngozi huilowanisha na kuifanya ionekane nzito zaidi. Kwa hiyo usihukumu rangi kabla ya dakika kumi na tano, na uijaribu juu ya losheni na kinga ya jua unazotumia kila siku, kwani juu ya ngozi tupu itatoa jibu jingine. Kama tayari umeinunua, acha losheni izame vizuri, weka praima ya kuzuia mafuta, paka tabaka jembamba. Ikikataa, nunua nyepesi kwa nusu hatua safari ijayo.

*Uso na shingo havifanani hata rangi ikiwa sahihi.* Nyuso nyingi zina rangi zaidi ya moja: paji na kuzunguka mdomo huwa peusi kuliko mashavu. Fuata shingo na kifua, halafu paka katikati ya uso na ufifishe kwenda pembeni. Ila kama uso umepauka kwa krimu za kujichubua, hakuna fandesheni itakayolitatua hilo, na krimu yenyewe ni hatari kuliko tofauti ya rangi. Baadhi zina zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeilenga kwenye vipodozi, na nyingine zina steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) zisizoandikwa kwenye lebo. Steroidi zikiachwa ghafla ngozi inaweza kulipuka, hivyo namna ya kuacha muulize daktari.

*Konsila imejikunja kwenye mistari chini ya macho.* Ngozi ya pale ni nyembamba na haitulii: unacheka, unapepesa, unakunja macho juani. Mistari ipo kwa kila mtu, na kinachobadilika ni kiasi cha konsila kinachosubiri kuingia humo. Weka tone kwenye pembe ya ndani na jingine kwenye pembe ya nje, acha katikati. Subiri dakika moja, itajikunja kidogo. Ilainishe kwa kidole cha pete, na hapo hapo gusa kwa poda chache mno. Ukiweka poda kabla ya kulainisha, umeipigia mistari muhuri.

Adhuhuri

*Uso unang'aa na fandesheni inakatika.* Kwanza jua kama ni mafuta au jasho, kwa sababu dawa zake ni mbili. Bonyeza tishu puani. Doa likikauka na kupotea, ni jasho. Likibaki na kuifanya karatasi ipitishe mwanga, ni mafuta. Vipodozi visivyoingia maji huvumilia jasho, lakini mafuta huvila taratibu. Mwenye ngozi ya mafuta anayenunua fandesheni kwa kuona tu maneno "haiingii maji" anajikinga na adui asiyekuja.

Kwa mafuta: losheni nyepesi ya maji, praima kwenye paji, pua na kidevu peke yake, fandesheni tabaka moja, poda ibonyezwe badala ya kufagiliwa. Na mchana, kabla ya kuongeza poda, nyonya mafuta kwa tishu. Hatua hiyo ndogo hurukwa mno, nayo ndiyo inayotenganisha uso uliotulia na uso wenye ukoko, kwani poda juu ya mafuta hugeuka tope. Kwa jasho: bonyeza tishu bila kufuta, acha pakauke, sprei ya kushikisha mekapu ikifuata si vibaya.

Kuna wenye uso unaong'aa ilhali ngozi inavuta na kupasuka. Hao hawahitaji ukaushaji zaidi. Warudishe losheni nyepesi asubuhi, waache sabuni inayouacha uso umekaza, wapime tena baada ya wiki chache.

Na fandesheni ya puani ikikatika mahali miwani inapokaa? Paka nyembamba sana, bonyeza poda, subiri, ndipo uvae miwani.

*Weusi chini ya macho ifikapo mchana.* Tazama alama yake. Ukungu wa kijivu uliosambaa maana yake maskara imeyeyushwa na mafuta, iwe ya ngozi, ya krimu ya macho au ya kinga ya jua. Chembe ndogo ndogo nyeusi maana yake imekauka na kupukutika, kwa sababu imezeeka au imepakwa tabaka nyingi. Wa chembe abadilishe chupa. Wa ukungu ahamishie krimu nzito ya macho usiku, apake poda kidogo chini ya kope, na kope za chini aziache zilivyo. Ikishindikana, tafuta maskara ya aina inayofunika kila ukope kwa kijifuko. Hiyo haiyeyuki kwa mafuta, na jioni hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kubonyeza kidogo, ikiachia vijinyuzi vyeusi vinavyomtisha mtu mara ya kwanza akidhani kope zote zimekwenda. Maskara isiyoingia maji sitaipendekeza kwa kila siku, kwani kuiondoa kunahitaji mafuta na subira, na asiye na subira hung'oa kope.

*Wanja umejichapa kwenye kope ya juu.* Macho yenye ngozi inayokunjamana juu hufanya hivi hata kwa wanja wa bei yoyote. Paka poda kwenye ngozi ya kope kwanza, chora, kisha tazama chini mpaka ukauke kabisa. Wanja wa penseli laini hautakauka kamwe. Upitishie rangi ya macho ya unga ya rangi ileile.

Wanja wa ndani ya ukingo wa jicho una lake. Pembezoni mwa ukingo huo kuna vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi, na kuviziba kila siku huleta macho makavu na kuwasha. Uchore nje ya mzizi wa kope. Na wanja wa unga usio na lebo, ule unaosagwa kutokana na jiwe, usiutie machoni mwako wala mwa mtoto: baadhi yake hutokana na galena, madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini haitoki kirahisi. Marekani kwa sababu hiyo hairuhusu wanja wa aina hiyo kuwa rangi ya kipodozi.

*Lipstiki imevuja au imekatika katikati.* Kuvuja pembeni mwa mdomo hutokana na lipstiki yenye mafuta mengi kufuata mistari midogo. Chora mpaka kwa wanja wa mdomo, ujaze mdomo wote kwa wanja huohuo, halafu lipstiki juu, ng'ata tishu, paka tena. Kukatika katikati ni kazi ya mate na chakula chenye mafuta, na lipstiki ya maji inayokauka ndiyo huathirika vibaya zaidi: usiongeze tabaka jipya juu ya lililopasuka, futa lote uanze upya. Midomo ikimenyuka, paka mafuta ya mdomo unapoanza kujipamba na uyafute kabla ya lipstiki.

Kwenye picha tu

Kioo kinasema sawa, picha inaonyesha uso mweupe kuliko shingo. Mwanga wa flashi umerudishwa na poda yenye silika au kinga ya jua yenye unga mweupe. Jipige picha moja kwa flashi gizani kabla ya kutoka kwenda shereheni. Picha zisizotumia flashi hazina tatizo hili, kwa hiyo usitupe poda unayoipenda kwa ajili ya usiku mmoja.

Kesho yake, na wiki zinazofuata

*Chunusi.* Mahali zinapotoka huzungumza. Za paji karibu na nywele huletwa sana na mafuta ya nywele. Za mashavuni na tayani, shuku brashi, sponji, fandesheni na hata simu. Za kuzunguka mdomo, shuku mafuta ya mdomo. Osha brashi kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa sabuni laini, uzikaushe zikiwa zimelala au zimeinamisha kichwa, maana maji yakishuka kwenye shina huyeyusha gundi na nywele zikaanza kudondoka usoni. Sponji ikaushwe hewani. Ikifungiwa mkobani ikiwa mbichi huota ukungu ndani usikoona. Ikate katikati siku moja uangalie. Hutahitaji kuhubiriwa tena.

Kuondoa mekapu kwa tishu zenye unyevu peke yake huacha mabaki. Anza na mafuta ya kusafishia au zeri, halafu sabuni ya uso. Na ukibadilisha fandesheni, usitarajie jibu kesho: kitundu kilichoziba huchukua wiki kadhaa kuwa chunusi, na huchukua wiki kadhaa kupona.

*Madoa yanazidi licha ya fandesheni yenye kinga ya jua.* Nambari iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 za kinga kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Hakuna anayepaka fandesheni kiasi hicho akabaki anatambulika. Kinga ya jua iwe tabaka lake lenyewe chini. Kwa ngozi nyeusi yenye madoa, iliyotiwa rangi ina faida ya ziada, kwani oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa.

*Kuwashwa, upele, macho mekundu.* Upele unaowasha unaokuja ndani ya saa au siku chache si chunusi; huenda ni mzio, na wanaoshukiwa kwanza ni manukato, vihifadhi na gundi ya kope za bandia. Acha vyote, kisha rudisha kimoja kimoja, ukianza na kupaka kidogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10.

Jicho jekundu lenye tongotongo ni habari nyingine. Maskara na wanja wa maji uliotumia vitupe, hata kama ni vipya, kwa sababu kila mara brashi inapotoka machoni na kurudi chupani hupeleka vijidudu mahali penye giza na unyevu. Ndiyo sababu maskara haistahili kuishi zaidi ya miezi mitatu tangu ifunguliwe, na ndiyo sababu maji na mate hayaongezwi humo. Vipodozi vingine vina mchoro wa kikopo kilichofunguliwa chenye namba kama 6M au 12M; hiyo ni miezi ya kukitumia tangu siku ulipokifungua, kwa hiyo iandike tarehe hiyo chini ya chupa kwa kalamu. Mwenye lenzi za macho avae lenzi kabla ya kujipaka na azitoe kabla ya kuosha. Jicho likiuma, likishindwa kuvumilia mwanga au likiona ukungu, usisubiri likatulia lenyewe, nenda kwa daktari siku hiyo. Kwa upele usiotaka kuisha, chukua chupa zenyewe au picha za orodha za viambato uende nazo kwa daktari wa ngozi. Anaweza kukubandika vipande vya majaribio mgongoni akatambua ni kiambato gani hasa, na hapo utakuwa na jina moja la kulitafuta kwenye kila lebo.